Mgeni wa Hadithi katika Nyumba za Kweli

Hapana chuo kiitwacho Hogwarts. Jina hilo lilibuniwa na mwandishi wa Uingereza, Bibi J. K. Rowling, katika hadithi yake ya kijana mchawi Harry Potter, ambayo kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka wa 1997. Vitabu vilikuwa saba. Sinema zilizotengenezwa kutokana navyo, kati ya mwaka wa 2001 na mwaka wa 2011, zilikuwa nane. Walakini chuo hicho kisichopo kina wageni wengi kila mwaka. Hufika kwa magari, kwa treni na kwa ndege, wengine kutoka nchi zilizo mbali sana; wakapanda ngazi, wakapita katika baraza, wakasimama mahali aliposimama mchezaji, wakapigwa picha, wakaenda zao. Mahali wanapokanyaga ni pa kweli. Ni makanisa, nyumba za watawa, ngome, daraja la reli na ufuko wa bahari, na kila pamoja pana historia yake, ndefu kuliko hadithi, na aghalabu nzito kuliko hadithi.

Wahenga walinena, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika safari hizi mwenyeji ni majengo ya kale, na watu wakaao kando yake, na wafu waliolala chini yake. Haifai kuhukumu kama mwenyeji huyo amepona kwa kuhesabu wageni na fedha zao tu. Sharti kuuliza pia mahali palikuwa na nini kabla ya sinema, sinema ilichukua nini na kuacha nini, na mgeni aliyekwisha kupigwa picha huondoka akijua nini ambacho hakukijua alipofika.

Sehemu kubwa ya sinema hizo ilitengenezwa Leavesden, kaskazini-magharibi ya London, katika majengo ambayo wakati wa Vita Kuu ya Pili yalikuwa kiwanda cha ndege za vita. Mafundi walijenga humo kumbi na vyumba kwa mbao na plasta. Lakini uzee wa jengo, yaani ngazi iliyoliwa na nyayo za karne nyingi, na jiwe lililogeuka rangi kwa mvua, ni kitu kigumu kuigiza; kwa hiyo walitoka nje kuutafuta. Chuo cha sinema kikaungwa kama nguo ya viraka. Uwanja wa nje ulichukuliwa katika ngome ya Alnwick, kaskazini ya nchi. Baraza zenye theluji zilichukuliwa Durham. Njia za ndani zilichukuliwa Gloucester, upande wa magharibi. Baadhi ya madarasa yalikuwa Lacock. Na chumba cha wagonjwa kilikuwa ukumbi wa Divinity School wa Oxford, uliojengwa katika karne ya 15 kwa ajili ya masomo na mitihani ya elimu ya dini. Mtoto wa sinema atokaye darasani Lacock na kuingia katika njia ya Gloucester amepiga hatua moja tu. Akitoka Gloucester kwenda katika baraza za Durham amevuka sehemu kubwa ya nchi bila kujua.

Gloucester yaonyesha jambo hili wazi kuliko pengine. Kanisa kuu la mji huo lilikuwa kwanza abasia, yaani nyumba ya watawa, ya shirika la Mtakatifu Benedikto. Mwaka wa 1216 Henry III alitawazwa humo kuwa mfalme, naye ni mtoto wa miaka tisa. Mwaka wa 1541, baada ya Henry VIII kuzivunja nyumba za watawa nchini, likafanywa kanisa la askofu. Kando yake zipo baraza nne zilizofunikwa, zizungukazo bustani, ambamo watawa walisoma na kunawa kabla ya kula. Dari ya baraza hizo ni ya mawe, yenye mbavu nyembamba zitokazo katika kila nguzo na kutawanyika juu mfano wa jani la mvumo lililokunjuka. Ujenzi wake ulianza baada ya mwaka wa 1350, ukamalizika mwanzoni mwa karne ya 15, na hapana dari ya namna hiyo iliyobaki ambayo ni ya zamani kuliko hii.

Sinema ya kwanza ilipotengenezwa, baraza hizo zikawa njia za Hogwarts. Vitasa na vibao vya siku hizi vilifichwa nyuma ya mbao zilizopakwa rangi ya mawe. Picha za Adamu na Hawa katika vioo vya madirisha zilisitiriwa. Hata makaburi ya sakafuni yalifunikwa kwa kitambaa kizito cha kuezekea, kilichopakwa rangi ili kionekane kuwa jiwe, maana chuo cha kubuni hakiwezi kuwa na wafu wa Gloucester. Walikuwako Wakristo walionung'unika kwamba si halali nyumba ya ibada kutumiwa kwa hadithi ya uchawi. Wakuu wa kanisa waliona kwamba hadithi ni hadithi, wakaruhusu.

Yamkini manung'uniko hayo yalilenga upande usio wa hatari. Uchawi wa sinema haukudhuru kitu katika kanisa. Watu wa sinema walipoondoka, kitambaa kiliondolewa na majina ya wafu yakaonekana tena. Lililo zito zaidi ni kwamba mgeni ajaye na sinema kichwani huja na kitambaa chake mwenyewe. Macho yake yatafuta ukuta ule alioandika mchawi na pembe ile alikojificha kijana, na miguu yake yaweza kupita juu ya jina la mtu bila macho yake kulisoma.

Wala Gloucester si ngeni kwa wageni wa namna hii. Mwaka wa 1327 Edward II, mfalme aliyeondolewa katika kiti chake, alikufa katika ngome ya Berkeley, akazikwa katika abasia hiyo. Watu wakaanza kulizuru kaburi lake na kuweka sadaka. Maandishi ya abasia yasema kwamba sadaka hizo zilikuwa nyingi hata zingaliweza kulijenga kanisa zima upya. Wako wataalamu waonao kwamba mwandishi alitia chumvi, na kwamba fedha nyingi zilitoka kwa mwana wa marehemu, Edward III. Hata hivyo jambo lenyewe halina shaka: mfalme aliyeshindwa kutawala akawa, baada ya kufa, mleta neema kwa watawa. Edward hakutangazwa kamwe kuwa mtakatifu. Watu walimjia kwa ajili ya habari zilizosimuliwa juu yake, na habari hizo hazikuwa zote za kweli. Basi anayemcheka mgeni wa leo kwa kufuata hadithi sharti amcheke na hujaji wa karne ya 14, ambaye sadaka yake ilisaidia kuinua mawe yale yale yanayosifiwa sasa.

Lacock, kijiji cha jimbo la Wiltshire, chatoa somo la namna nyingine. Abasia ya hapo ilianzishwa na mwanamke, Ela, mke wa marehemu mtawala wa Salisbury, katika miaka ya 1229 hadi 1232, naye mwenyewe akawa mkuu wa watawa wake. Ilivunjwa mwaka wa 1539. Tajiri William Sharington aliinunua, akalibomoa kanisa, lakini akaziacha baraza za watawa na vyumba vilivyozizunguka, akaifanya nyumba yake juu ya vyumba hivyo. Kwa sababu hiyo watu wa sinema walikuta humo vyumba vya karne za kati vilivyo karibu kamili.

Katika nyumba hiyo hiyo, karne tatu baadaye, alikaa mwungwana mwenye elimu nyingi, William Henry Fox Talbot. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1835 aliweka kisanduku kidogo mbele ya dirisha moja la vioo vidogo vidogo, na ndani ya kisanduku karatasi iliyotiwa dawa ya fedha. Nuru ikaiandika karatasi: penye mwanga pakawa peusi, penye kivuli pakawa peupe. Karatasi hiyo, ndogo kuliko kiganja cha mkono, ndiyo picha ya namna hiyo ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Baadaye Talbot alitambua kwamba picha moja ya kinyume yaweza kutoa nakala nyingi zilizo sawa, na juu ya msingi huo ufundi wa picha ulisimama mpaka zilipokuja mashine za kielektroniki. Ukanda wa sinema nao ni mtoto wa karatasi ile. Kwa hiyo mgeni ainuaye simu yake Lacock apate picha ya darasa la uchawi, asimama chini ya dirisha ambalo bila ya kisanduku chake huenda sinema ingalichelewa, au ingalifuata njia nyingine. Karibu na lango ipo nyumba ya makumbusho ya ufundi huo. Hapa mwenyeji ameweka historia mahali ambapo mgeni hawezi kuikosa, na njia ya kutoka katika hadithi kwenda katika historia ni fupi.

Alnwick imechagua njia iliyo karibu na mchezo. Ngome hiyo ni mali ya ukoo wa Percy tangu mwaka wa 1309, nao wangali wakikaa humo. Katika uwanja ambamo watoto wa sinema walifunzwa kuruka kwa ufagio, wageni nao hupewa fagio, wakafunzwa jinsi ya kuruka ili wapigwe picha miguu ikiwa hewani. Hapana ubaya katika kicheko cha watoto. Lakini ngome hiyo ilijengwa kwa ajili ya vita vya mpakani baina ya Waingereza na Waskoti. Malcolm III, mfalme wa Uskoti, aliuawa karibu nayo mwaka wa 1093. Na Henry Percy, aliyejulikana kwa jina la Harry Hotspur, alitoka katika ukoo wake akaasi, akauawa katika vita vya Shrewsbury mwaka wa 1403. Huyo ndiye Harry ambaye Alnwick ilimjua kabla ya yule wa ufagio.

Mwaka ule ule wa 1093 alipouawa Malcolm, msingi wa kanisa kuu la Durham uliwekwa. Kanisa hilo lilijengwa ili lihifadhi mwili wa Mtakatifu Cuthbert, aliyekufa mwaka wa 687, nalo lasimama juu ya mwamba uliozungukwa na mto. Sinema ilitumia baraza zake, na ukumbi wa mkutano wa watawa ukawa darasa. Wageni huuliza ni wapi kijana alipomrusha bundi wake katika theluji, na wahudumu huwaonyesha.

Wakati wa baridi nyingine palikuwa na mambo mengine. Tarehe 3 Septemba mwaka wa 1650 jeshi la Cromwell liliwashinda Waskoti huko Dunbar. Maelfu ya mateka walipelekwa kusini kwa miguu, bila chakula cha kutosha, wakafa wengi njiani. Wapatao 3,000 waliingizwa Durham, wakafungwa katika kanisa kuu, ambalo ibada yake ilikuwa imekomeshwa na watawala, na katika ngome iliyo mbele yake. Kuhara damu, njaa na baridi viliwaangamiza. Wataalamu hukadiria kwamba wapatao 1,700 walifia hapo. Miongoni mwa waliosalia, 150 walipakiwa katika merikebu wakapelekwa Massachusetts, wakauzwa kufanya kazi ya lazima kwa miaka katika viwanda vya chuma na vya kupasua mbao. Maiti za waliokufa zilifukiwa kwa haraka katika mashimo, pasipo alama wala jina. Mwaka wa 2013, mafundi walipokuwa wakijenga nyumba ya kahawa katika maktaba iliyo hatua chache kutoka kanisani, walikuta mifupa. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Durham walihesabu watu wasiopungua 17 na wasiozidi 28, wote wanaume, wengi wao vijana. Mwaka wa 2018 mifupa hiyo ilizikwa tena katika makaburi ya mji huo. Iliyobaki, nayo ni mingi, haijaonekana.

Habari hii yapaswa kuwekwa kando ya habari ya mahali pengine. Katika Freshwater West, ufuko wa pwani ya Wales, ilipigwa sehemu ya sinema iliyoonyeshwa mwaka wa 2010, ambamo Dobby, kiumbe wa kubuni aliyekuwa mtumwa wa nyumbani, afa na kuzikwa mchangani. Watu walianza kuweka mawe pale yaliyoandikwa maneno ya kumwaga, na pamoja na mawe, soksi. Kwa maana katika hadithi mtumwa huyo alipata uhuru kwa kupewa soksi. Rundo likakua. National Trust, shirika linalotunza ufuko huo, lilifikiri kuliondoa, kwa kuwa vitambaa na magamba ya rangi huingia baharini na katika chakula cha viumbe vya baharini. Baada ya kuuliza maoni ya watu, mwaka wa 2022 shirika liliamua kuliacha kaburi mahali pake kwa wakati huo, likawasihi wageni wasiache kitu ila wapige picha tu.

Ni rahisi kuwalaumu waliofanya hivyo. Wamelia juu ya kaburi lisilo na mtu, na vijana wa Dunbar, waliouzwa na kufukiwa kweli kweli, walilala zaidi ya miaka 360 bila jiwe moja. Lakini lawama hiyo yapita kando ya jambo. Mtu aliyeweka soksi juu ya kaburi la Dobby aliutambua utumwa kuwa uovu na uhuru kuwa kitu cha kuliliwa. Moyo wake haukukosa huruma. Habari ndizo zilizokosa kumfikia. Aliyefundishwa na hadithi kumhurumia mtumwa wa kubuni yuko tayari kwa nusu ya njia kumhurumia mateka wa kweli, ikiwa atakuwako mtu wa kumwambia, akisimama katika baraza za Durham akitafuta bundi, kwamba hapa palifungwa watu. Kosa la mwenyeji ni kumwonyesha mgeni mahali pa bundi na kunyamaza.

Glenfinnan, katika nyanda za juu za Uskoti, ndipo mzigo wa wageni uonekanapo kwa macho. Daraja la reli la hapo lina matao 21, nalo limejengwa kwa zege tupu lisilotiwa nondo. Mkandarasi wake, Robert McAlpine, alitaniwa kwa jina la Bob wa Zege. Ujenzi wa reli ulianza mwaka wa 1897, ikafunguliwa mwaka wa 1901, nayo ilisaidia kusafirisha samaki kutoka bandari ya Mallaig. Leo watu hujaa kilimani wakingoja treni ya moshi ipite juu ya matao kama ipitavyo katika sinema. Kijiji ni kidogo na barabara yake ni moja. Magari huegeshwa kila mahali, na wako wageni waliothubutu kutembea juu ya reli yenyewe, hata wenye mamlaka wakalazimika kuwaonya kwa ajili ya uhai wao.

Upande wa pili, kando ya ziwa Shiel, upo mnara mrefu uliojengwa mwaka wa 1815. Hapo tarehe 19 Agosti mwaka wa 1745 mwana wa mfalme Charles Edward Stuart alipandisha bendera yake kudai ufalme kwa niaba ya baba yake, na koo za nyanda za juu zikamwunga mkono. Tarehe 16 Aprili mwaka wa 1746 jeshi lake liliangamizwa Culloden. Baada ya hapo serikali ilizinyang'anya koo silaha, ikawapiga watu marufuku kuvaa mavazi yao ya asili, ikaondoa mamlaka ya machifu ya kuhukumu. Mgeni angojaye treni aweza kuupa mnara huo kisogo kwa saa nzima. Akigeuka tu ameuona.

Kituo cha King's Cross cha London chaonyesha mwisho wa safari hii ulivyo. Hadithi yasema kwamba treni ya Hogwarts huondokea katika jukwaa lililofichika baina ya jukwaa la 9 na la 10. Bibi Rowling amekiri kwamba alipokuwa akiandika alikuwa akifikiria kituo kingine, Euston. Watu wa sinema walitumia jukwaa la 4 na la 5. Na kigari cha mizigo kilichozama nusu ukutani, ambacho wageni hupanga foleni kupigwa picha nacho, kimewekwa katika ukumbi uliofunguliwa mwaka wa 2012, sinema zote zilipokwisha. Hivyo mgeni husimama mahali ambapo hadithi haikusema na sinema haikupigwa, naye huondoka ameridhika. Maana yake ni kwamba mgeni si mchunguzi wa usahihi. Atafuta ishara, na mwenyeji ampaye ishara humridhisha.

Nguvu hiyo ya mwenyeji ndiyo iliyo msingi wa swali la mwanzo. Mgeni wa hadithi huleta fedha, na fedha huziba paa livujalo. Katika majengo ya umri huu hilo si jambo dogo. Huleta pia vijana ambao wasingalifika kanisani wala katika nyumba ya kale kwa sababu nyingine yoyote. Kwa upande huu mwenyeji apona. Lakini kumbukumbu ya mahali haizibwi kwa fedha. Yataka msimulizi, naye sharti asimulie kwanza kile mgeni alichokuja kukitafuta, bila dharau, kisha amchukue hatua chache mbele: kutoka ukuta wa sinema hadi jina lililo sakafuni, kutoka darasa la uchawi hadi dirisha la Talbot, kutoka bundi hadi mateka, kutoka treni hadi mnara.

Wahenga walinena tena, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Desturi hiyo haikuwa ya kumfukuza mgeni. Ilikuwa njia ya kumhesabu kuwa mmoja wa watu wa nyumba. Mgeni wa hadithi naye apewe jembe lake, yaani apewe sehemu katika kazi ya kukumbuka. Atakayerudi kwao akiwasimulia wenzake habari za vijana wa Dunbar, pamoja na habari za Harry, atakuwa amemlipa mwenyeji wake kitu ambacho tiketi ya mlangoni haikilipi.